Besiboli Marekani: barua ya kambi si nafasi ya chuo

Majira ya joto yanapokaribia Marekani, vijana wa shule za sekondari wanaocheza besiboli huanza kupokea barua na imeli kutoka vyuo vikuu. Alama ya chuo iko juu, jina la kocha liko chini, na kijana ameitwa kwa jina lake: kocha angependa kumwona katika kambi ya siku mbili au tatu, aonyeshe kipaji chake. Chini kabisa kuna bei. Mara nyingi ni mamia ya dola, na ziko kambi zinazopita dola 1,000, bila kuhesabu safari, hoteli na chakula.

Jambo hilo liko karibu na jamaa za Kivu, Maniema na Tanganyika kuliko linavyoonekana. Kwa miaka kadhaa Kongo ilikuwa nchi iliyotoa wakimbizi wengi kuliko nyingine zote waliopokelewa Marekani, na wengi wao ni watu wa mashariki wanaosema Kiswahili. Watoto waliotoka Nyarugusu au Nakivale wakiwa wadogo leo wako sekondari Kentucky, Texas, Arizona na Iowa. Wengi wamebaki na kabumbu, na kwa kabumbu pia vyuo vina kambi za namna hiyo. Lakini kuna wanaoshika gongo la besiboli kwa sababu ndio mchezo wa wenzao darasani. Barua ikifika, baba anayefanya kazi ya usiku katika kiwanda cha nyama anaulizwa swali moja: alipe au asilipe?

Mara nyingi jibu linapaswa kuwa hapana. Alipe tu ikiwa kocha alikuwa anamfuata kijana huyo kabla ya barua kutumwa.

Sababu ya kwanza iko ndani ya sheria zenyewe. NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo vikuu vingi vya Marekani, linataka kambi za vyuo vya daraja la kwanza ziwe wazi kwa kila anayetaka kuingia. Chuo kinaweza kuweka mpaka wa idadi, umri, darasa, na kama ni kambi ya wavulana au wasichana, basi. Kwa hiyo hata barua ikisema kijana "amechaguliwa", mlango wa kambi uko wazi kwa jirani yake pia, akilipa. Majina na anwani hupatikana kwa urahisi: kijana akijiandikisha mara moja kwenye tovuti ya mashindano au kujaza karatasi ya chuo, jina lake linaingia katika orodha, na barua zinatumwa kwa orodha nzima.

Halafu kuna suala la nani anaishi kwa pesa za kambi. Kwa miaka mingi timu za besiboli za daraja la kwanza zilikuwa na kocha msaidizi mmoja ambaye chuo hakikuruhusiwa kumlipa mshahara. Alitafuta maisha yake katika kambi na masomo ya faragha. Sheria hiyo iliondolewa mwezi wa 7 mwaka 2023, lakini kambi zenyewe hazikuondoka. Si wizi. Watoto wanafundishwa kweli, wanapimwa, wanarudi nyumbani na mazoezi mapya. Kosa ni kuuza mafunzo ya siku mbili kana kwamba ni mlango wa chuo.

Kwetu Kongo, barua yenye muhuri ni uamuzi. Mzazi aliyekulia Uvira au Bukavu anajua kwamba chuo kikiandika jina la mtoto wake kwenye karatasi, mambo yamekwisha kupangwa huko juu. Kilichobaki ni kutafuta pesa kabla ya tarehe kupita. Hakuzoea barua ya chuo iliyo tangazo la biashara. Na katika nyumba nyingi, anayemsomea barua hiyo ni kijana mwenyewe, kwa sababu ndiye anayejua Kiingereza. Hadanganyi. Ana miaka 15, anataka kwenda, na neno "mwaliko" linatoka mdomoni mwake likiwa limekwisha kuwa "wamenikubali". Anayefaidika na safari ndiye mtafsiri wake. Barua ya namna hiyo isomwe na mtu mwingine, kwa mfano mshauri wa masomo wa shule, ambaye kazi yake ni hiyo na halipishi.

Besiboli ina tabia moja inayorahisisha uamuzi: karibu kila kitu kinapimwa. Mwendo wa mpira wa mrushaji unapimwa kwa rada, nguvu ya pigo inapimwa, na mbio za yadi 60, ambazo ni kama mita 55, zinapimwa kwa saa. Kocha wa daraja la kwanza anatafuta warushaji wanaofika kilomita 140 kwa saa na kupita. Kijana anayerusha 120 hatapata mengine kwa kusafiri majimbo matatu. Rada iko Ohio, iko Texas, na inasema namba ile ile. Kocha wa shule yake anaweza kumpima leo jioni, mjomba akapiga video kwa simu, na vyote vikatumwa kwa makocha ishirini bila dola hata moja.

Hesabu ya nafasi nayo inakatisha tamaa, na ni vizuri mzazi aijue. Kwa takwimu za NCAA, kati ya wachezaji 100 wa besiboli wa sekondari, karibu 7 au 8 ndio wanaocheza katika chuo chochote cha shirika hilo, na daraja la kwanza wanafika 2 au 3. Tena kufika si kusomeshwa bure. Mpaka 2025, timu ya daraja la kwanza ilikuwa na misaada kamili 11.7 tu, iliyogawanywa kwa wachezaji wengi. Wengi walipata kipande, na jamaa zao zikalipa kinachobaki. Tangu msimu uliofuata, vyuo vilivyoingia katika utaratibu mpya vinaweza kumsaidia kila mchezaji, ila timu haipiti watu 34, na si kila chuo kina pesa hizo. Wakati huo huo makocha wanachukua wachezaji wanaohama kutoka vyuo vingine, vijana wa miaka 21 waliokwisha kukomaa. Mtoto wa miaka 17 anashindana na hao.

Umri pia una sheria yake. Tangu 2023, kocha wa besiboli wa daraja la kwanza haruhusiwi kuzungumza na mchezaji habari za kumsajili kabla ya tarehe 1 mwezi wa 8, kijana anapokaribia kuanza mwaka wa tatu wa sekondari. Mzazi anayemlipia mtoto wa mwaka wa kwanza kambi ya chuo kikubwa analipia jibu ambalo kocha amekatazwa kulitoa.

Wanaotetea kambi wana hoja moja yenye uzito. Vijana wenye pesa wanacheza katika timu za kusafiri, wanaonekana kila wiki ya majira ya joto. Mtoto wa mkimbizi anacheza na shule yake tu, pengine shule ambayo hakuna kocha wa chuo anayefika, na aliushika mchezo akiwa amechelewa. Kwake kambi inaweza kuwa dirisha la pekee. Ni kweli. Lakini dirisha hilo si lazima liwe la chuo kinachojulikana kwenye televisheni. Vyuo vya miaka miwili vilivyo katika miji yao wenyewe vinatafuta wachezaji, vingi vinatoa misaada ya michezo, na kocha wake anaweza kupigiwa simu. Vyuo vya daraja la tatu havitoi msaada kwa ajili ya michezo, ila vinaangalia alama za darasani na hali ya jamaa, na kwa nyumba yenye kipato kidogo msaada huo unaweza kupita kile kipande cha besiboli. Kambi ya siku moja katika chuo cha namna hiyo, mwendo wa saa moja kwa gari, baada ya kocha kuona video na kuuliza alama za kijana, inastahili pesa yake.

Kuuliza alama ndiyo dalili ya kuangalia. Kocha anayemtaka mtu anataka kujua kama chuo kitampokea. Ili kucheza daraja la kwanza, NCAA inadai masomo 16 ya msingi katika sekondari, yakiwemo Kiingereza, hesabu na sayansi, na wastani usioshuka chini ya 2.3. Hapo ndipo watoto wetu wanapoumia. Aliyefika akiwa na miaka 14 anaanza na madarasa ya Kiingereza kwa wageni, ambayo mara nyingi hayahesabiwi kati ya yale 16. Anaweza kumaliza sekondari na diploma mkononi, anarusha mpira vizuri, na bado asiruhusiwe kucheza mwaka wa kwanza. Hakuna kambi inayotengeneza hilo. Mwalimu wa hesabu wa jioni anasaidia zaidi, na kwa bei ya kambi mbili za majira ya joto analipwa miezi kadhaa.

Kabla ya kulipa, basi, kijana amwandikie kocha mwenyewe, mbele ya mzazi: umeniona wapi, unatafuta mchezaji wa nafasi gani kwa mwaka nitakaomaliza, na alama zangu zinatosha? Anayemtaka atajibu mambo hayo. Jibu likiwa ni anwani ya kulipia tu, pesa zibaki nyumbani. Hata bibi aliye Goma anazihitaji.

Vyuo navyo vina deni. Vinajua kambi ya mwaka jana ilikuwa na vijana wangapi, na wangapi kati yao waliingia katika timu. Namba hizo mbili zingeweza kuwekwa kwenye barua, karibu na bei na jina la hoteli ya jirani.