Jiwe Lililobaki Paros

Kuna sentensi moja imenichosha tangu nianze masomo ya uzamili: "Bila wao, vitu hivi vingepotea." Nimeisikia darasani, nimeisoma vitabuni, na mara moja niliiandika mimi mwenyewe kwenye insha na kupata alama nzuri. Insha ile ilimhusu Thomas Howard, Lodi wa Arundel, Mwingereza aliyezaliwa 1585 na kufariki 1646, anayehesabiwa miongoni mwa wakusanyaji wakubwa wa mwanzo wa sanaa nchini kwake. Leo naikana insha ile. Maisha ya mtu huyo, ukiyasoma hadi mwisho, yanaivunja sentensi hiyo vizuri kuliko hoja yoyote ninayoweza kuitunga.

Tuanze na fedha. Babu yake alikatwa kichwa mwaka 1572 kwa uhaini. Baba yake alifia kifungoni katika Mnara wa London mwaka 1595. Familia ikapoteza vyeo na mali nyingi. Thomas alirudishiwa cheo mwaka 1604, lakini cheo hakinunui sanamu. Utajiri ulioziba pengo ulikuja na Aletheia Talbot, aliyemwoa mwaka 1606, binti na mrithi wa Lodi wa Shrewsbury. Aletheia naye alipenda sanaa, aliishi Venice na kununua kwa macho yake mwenyewe. Hata hivyo, katika insha yangu nilimtaja mara moja tu, kama mke.

Halafu kuna aliyebeba. Marumaru za Kigiriki zilizompa Arundel umaarufu hakuzifuata yeye. Alimtuma kasisi aitwaye William Petty, msomi wa Cambridge, kuzunguka nchi za Dola ya Uthmaniya katika miaka ya 1620. Mwaka 1625 chombo cha Petty kilizama karibu na kisiwa cha Samos pamoja na alivyokuwa amevikusanya, na yeye akatiwa jela akishukiwa kuwa jasusi. Naomba msomaji ashike jambo hili: vitu vile vilikuwa vimekaa nchi kavu karne nyingi. Vilifika chini ya bahari siku vilipoanza kuokolewa.

Huko Istanbul, Petty na balozi wa Uingereza, Thomas Roe, walizitamani nakshi za mawe zilizopamba Lango la Dhahabu. Balozi alikuwa na mnunuzi wake, Lodi wa Buckingham, kwa hiyo mabwana wawili walitaka kugawana lango moja. Mpango ulikuwa kutoa rushwa na kuzing'oa. Ulishindikana. Roe aliwaandikia London kwamba watu wa pale walikuja juu. Waliamini mawe yale yana siri, na kwamba kuyagusa kungeuletea mji balaa. Vitabu nilivyosoma vinasimulia kisa hiki kwa kutabasamu, kama ushirikina wa watu wasiojua thamani ya walichonacho. Mimi naona watu wanaojua kabisa kwamba kitu ni chao, na wanaosema hapana kwa lugha waliyokuwa nayo. Atakayenijibu kwamba nakshi zile nazo hazipo tena ukutani leo, ni kweli, hazipo. Sidai kwamba kinachobaki nyumbani hakiharibiki. Nadai kwamba kinachoondolewa nacho huharibika, na hilo huwa halisemwi.

Ushahidi wangu mkubwa ni jiwe moja. Yapata mwaka 264 kabla ya Kristo, mtu fulani katika kisiwa cha Paros alichonga kwenye marumaru orodha ya matukio ya zaidi ya miaka 1,300: wafalme, vita, washairi, sherehe. Vipande viwili vya jiwe hilo vilipatikana Smyrna, ambayo leo ni Izmir, Petty akavinunua, na mwaka 1627 vikafika London, kwenye jumba la Arundel kando ya mto Thames. Vilikuwa vimeishi karibu miaka 1,900, vimepita matetemeko, vita na dola kadhaa.

London havikumaliza hata miaka 40 vikiwa salama. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza 1642, mwaka ambao Lodi aliondoka Uingereza asirudi tena. Alifia Padua, Italia. Jumba likabaki bila mwenyewe, na katika vurugu hizo kipande cha juu kikapotea. Maelezo yaliyotufikia ni kwamba kilivunjwavunjwa kutengenezea dohani ya jumba lile. Mwaka 1667 mjukuu wake alipokabidhi mawe yenye maandishi kwa Chuo Kikuu cha Oxford, kilichofika ni kipande cha chini tu. Ndicho kilichopo Ashmolean mpaka leo.

Hapo nampa Lodi haki yake. Mawe yalipofika tu, msomi John Selden na wenzake walikaa kuyasoma, na mwaka 1628 Selden akachapisha kitabu chenye maandishi hayo. Maneno ya kipande kilichopotea tunayajua kwa sababu hiyo pekee. Lakini tazama kilichookoa: ni kunakili. Mtu mwenye karatasi, wino na Kigiriki cha kutosha angeweza kunakili Smyrna, jiwe likiwa mahali pake.

Kipo na kipande cha tatu. Hicho hakuna wakala aliyekipata. Kilibaki Paros, kikaonekana mwaka 1897, na kimo katika makumbusho ya kisiwa hichohicho. Cha kwanza kiliishia kwenye dohani ya London, cha pili kiko Oxford, cha tatu kiko kwao. Niambie ni kipi kilichohitaji kuokolewa, na kutoka kwa nani.

Kwa nini mambo ya Ugiriki yaniume mimi? Yapata mwaka 1639 Anthony van Dyck alimchora Arundel na mkewe wakiwa na tufe kubwa la dunia. Kidole cha Lodi kinaonyesha Madagaska, kisiwa ambacho wazee wa pwani yetu walikiita Bukini. Alikuwa na mpango wa kupeleka walowezi huko. Hakuwahi kukanyaga, mpango ulikufa, na Waingereza wengine waliojaribu mwaka 1645 walikimbia mwaka uliofuata baada ya wengi wao kufa. Lakini picha ipo, na kidole kipo. Mkono uliotumwa kuchukua marumaru na mkono uliowekwa juu ya Bukini ni mmoja, na ulifanya yote mawili kwa utulivu uleule wa mtu anayechagua.

Ndiyo maana sentensi ile inaniudhi. Hurudi kila tunapouliza habari za vitu vyetu. Wapokomo wa Mto Tana wanapoitaja ngoma yao, Ngadji, iliyoko British Museum, hukosekani mtu wa kuuliza kama wao wangeweza kuitunza. Mwenye kuuliza hatakiwi kwanza aeleze habari za dohani.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Basi nikipewa kazi ya kuandika kibao cha maelezo kwa jiwe lile la Oxford, nitaandika hivi: Lilichongwa Paros. Lilinunuliwa Smyrna na William Petty, kwa fedha za ndoa ya Aletheia Talbot na Thomas Howard. Sehemu yake ya juu ilipotelea London ikiwa mikononi mwa wamiliki wake. Sehemu nyingine iko Paros, salama.

Insha yangu ya zamani bado ninayo, na alama zake. Nimeifuta ile sentensi moja, na insha nzima imebaki haina hoja.