Ekrani ya motokari ikikufa, nani njo analipa?

Tarehe 13 Januari 2021, NHTSA, ofisi ya serikali ya Marekani yenye kuangalia usalama wa magari, iliandikia kampuni Tesla barua. Iliomba kampuni iite karibu magari 158.000 yarudi kutengenezwa. Haikuwa juu ya breki, wala tairi, wala mota. Ilikuwa juu ya ekrani ya katikati, ile yenye kuonyesha ramani, muziki na mambo mengine mengi ya gari. Ekrani ilikuwa inazimika na kukataa kuwaka tena.

Kwa musomaji wa Lubumbashi, Bukavu ao Goma, Tesla iko mbali sana. Lakini ulizo lenye lilikuwa ndani ya ile barua ni letu pia. Mutu akinunua motokari yenye ramani yake ndani, na ile ramani inakufa, deni ni la nani? La kampuni yenye kuitengeneza, la mwenye kuiuzisha, ao la yeye mwenye alitosha feza?

Kuzeeka ao kosa?

Ndani ya ile mashini ya Tesla kulikuwa kipande kidogo cha kutunza memuari, cha giga 8. Kila mara programu inaandika kitu pale, kile kipande kinachakaa kidogo. Kinaweza kuandikwa karibu mara 3.000, kisha kinakufa. Kwa matumizi ya kila siku, ile ilikuwa sawa na miaka 5 ao 6 tu. Na kikikufa, si ramani peke yake inapotea. Kamera ya nyuma inaenda nayo, namna ya kutosha ukungu kwenye kiyo cha mbele inaenda nayo, hata sauti ya klinyota inapotea.

Sasa tuangalie hesabu. Garanti ya kawaida ya Tesla ilikuwa miaka 4 ao maili 50.000, ni kusema karibu kilometa 80.000. Kipande kinaishi miaka 5 ao 6, garanti inaisha kwa miaka 4. Kumbe kipande kilikuwa kinakufa nyuma ya garanti, na mwenye gari njo alikuwa anafungua mufuko. Mwezi wa Novemba 2020, mbele barua ya serikali ifike, kampuni iliongeza garanti ya kile kipande mpaka miaka 8 ao maili 100.000. Mwanzo wa Februari 2021 ilikubali kuita magari 134.951 na kuweka kipande cha giga 64.

Lakini haikukubali neno «kosa». Ilijibu kama hauwezi kuomba kipande cha namna ile kidumu maisha yote ya gari, kwa sababu teknolojia na bei haviruhusu. Serikali yenyewe ilisema kama miaka 5 ao 6 ni michache sana, wakati kamera na kiyo cha mbele vinategemea kile kipande.

Hapa njo kuna siri ya mambo yote. Kuna madeni mawili yenye watu wanachanganya. Garanti ni ahadi yenye iko kwenye karatasi, iko na tarehe ya mwisho, na kampuni yenyewe njo inaiandika. Kuita magari kwa sababu ya usalama ni jambo la sheria. Kule Marekani kampuni inapashwa kutengeneza bure gari lenye halijapitisha miaka 15, hata kama garanti iliisha zamani. Njo maana kampuni zinapenda sana kusema kama ekrani ni kitu cha starehe tu. Kitu cha starehe kikikufa, tunaangalia karatasi. Kitu cha usalama kikikufa, tunaangalia sheria.

Njia ndefu ya tribinali

Watu wa Ford walipita njia ingine. Kampuni ilianza kuweka MyFord Touch ndani ya magari yake ya mwaka wa 2011. Ilikuwa ekrani ya kugusa, yenye ramani, telefone na redio, na programu yake ilitoka kwa Microsoft. Ilikuwa inaganda, inazimika, ao haisikie sauti ya shofere. Mwaka huo wa 2011, katika hesabu ya J.D. Power juu ya ubora wa magari mapya, Ford ilishuka toka nafasi ya 5 mpaka ya 23, na hii ekrani ilikuwa sababu moja kubwa.

Mwaka wa 2013 wenye magari walipeleka Ford kwenye tribinali ya San Francisco. Mwaka wa 2016 muamuzi aliruhusu watu wengi washitaki pamoja. Mapatano yalifika mwaka wa 2019: dola milioni 17. Hesabu miaka ile: toka kushitaki mpaka kulipwa ni miaka 6. Wakati ule wengi walikuwa wamekwisha kuuzisha yale magari kwa watu wengine. Haki ilifika, lakini ilifika ikichoka.

Kosa lenye kutoka mbali

Kuna tena jambo lenye garanti za zamani hazikuwaza. Breki inaharibika pale iko. Ramani ya ndani ya gari inaweza kuharibika kwa sababu ya kitu chenye kilitokea mbali kabisa.

Mwezi wa Juni 2016, kule Marekani, ekrani za magari mengi ya Lexus ya miaka 2014 mpaka 2016 zilianza kuzimika na kuwaka pasipo kuacha. Hakuna mutu alikuwa ameyagusa. Habari za barabara na za hali ya hewa zenye zilitumwa kwa magari zilikuwa na kosa, na zile habari njo zilivuruga programu. Magaraji ya kampuni yaliyatengeneza bure.

Tarehe 1 Januari 2022, saa za magari mengi ya Honda na Acura yenye ramani ndani, ya kati ya 2004 na 2012, zilirudi mwaka wa 2002. Satelite za GPS zinahesabu majuma mpaka 1.024, ni kusema karibu miaka 20, kisha zinaanza tena kwa ziro. Programu yenye haikutayarishwa kwa ile siku inapotea njia. Honda ilisema kama saa zitajirudisha zenyewe mwezi wa Agosti. Wenye magari walingoja miezi zaidi ya 7. Kwa gari la mwaka wa 2006, karatasi ya garanti ilikuwa imekwisha kuoza.

Kampuni ziko na jibu lao, na tusilitupe mbio mbio. Zinasema: satelite si zetu, programu ilitengenezwa na kampuni ingine, na barabara zinabadilika kila mwaka. Ndani ya ile jibu kuna kweli. Ramani ya mwaka wa 2015 yenye haijui barabara ya 2020 haikuharibika. Imezeeka tu, sawa gazeti la jana. Lakini tuachanishe mambo matatu. Ramani ya zamani ni jambo moja. Programu yenye kuganda ni jambo lingine. Na kipande chenye kufa mbele ya wakati ni la tatu. La kwanza, mwenye gari anaweza kulibeba. Ya pili na ya tatu ni ya kampuni, kwa sababu mununuzi hakupatana na mutu wa programu wala mutu wa satelite. Alilipa bei moja, kwa pahali pamoja, juu ya gari moja.

Ulaya iliandika nini

Ulaya ilichukua hii mawazo na kuiandika ndani ya sheria. Sheria namba 2019/771 ya Umoja wa Ulaya, yenye inatumika toka tarehe 1 Januari 2022, inasema kama mwenye kuuzisha kitu kipya anajibu juu ya makosa yake kwa miaka 2. Inataja waziwazi vitu vyenye programu ndani. Mwenye kuuzisha anapashwa kuhakikisha kama mununuzi anapata marekebisho ya programu yenye kufanya kitu kiendelee kutumika vizuri. Na kosa likionekana mwaka wa kwanza, linahesabiwa kama lilikuwako toka siku ya kuuzisha. Mwenye kuuzisha njo anapashwa kuonyesha kama si vile. Kwa Ufaransa, ule wakati ni miezi 24 kwa kitu kipya.

Hili neno la mwisho ni kubwa kuliko mengine yote. Nani ataonyesha kosa lilianza wapi? Mununuzi hana kompyuta ya kusoma programu. Kampuni iko nayo. Sheria yenye kuacha muzigo wa ushuhuda kwa mununuzi inamupa haki kwa mukono wa kuume na kumunyanganya kwa mukono wa kushoto.

Na kwetu?

Kwetu watu wengi hawanunue gari jipya. Wananunua okazio: Toyota yenye ilitembea Japani miaka 10, ikapanda meli, ikashuka Dar es Salaam, ikapita Zambia, ikaingia Kasumbalesa. Ndani kuna ekrani nzuri. Inaandika Kijapani, ramani yake inajua Tokyo na Osaka, redio yake inaishia karibu na 90 kwa sababu kule FM inaanza kwa 76. Mekanisia akitosha batri, mara nyingine ile ekrani inafunga na kuomba kode, ao inatafuta kadi ya ramani yenye mutu aliibeba zamani. Mwenye gari anaweka telefone yake juu ya tablo na kuendelea na safari.

Kwa hii gari, garanti ya kampuni haiko tena. Ilikuwa ya mununuzi wa kwanza, kwa inchi yake, kwa miaka yake. Lakini si kusema sheria haiko. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mapatano, yenye ingali inatumika katika Kongo, inasema kama mwenye kuuzisha anajibu juu ya makosa yenye kufichama, yale yenye kuharibu matumizi ya kitu ao kupunguza faida yake sana. Mununuzi anaweza kurudisha kitu na kupata feza yake, ao kubaki nacho na kurudishiwa sehemu ya bei. Kama mwenye kuuzisha alijua kosa na akanyamaza, anaongeza malipo ya hasara. Lakini shuruti mununuzi afanye mbio. Ile sheria haipende mutu wa kulala.

Tuseme kweli: ekrani ya Kijapani si kosa lenye kufichama. Uliiona, ukalipa. Lakini ekrani yenye kubeba kamera ya nyuma na mashini ya baridi, yenye mwenye kuuzisha aliitengeneza kwa kamba na gundi ili iwake siku moja tu, ile ni kosa lenye kufichama. Na kadiri magari ya miaka ya 2018, 2020 yanafika kwetu, njo ekrani moja itabeba mambo mengi zaidi. Yale yenye watu wa Tesla waliona kule, sisi tutayapokea kwa okazio, wakati kipande kinakaribia kufa na hakuna kampuni karibu.

Kampuni za mugodi na mashirika yenye kununua magari mapya ziko na nguvu zaidi. Biashara na biashara zikiuzishiana, sheria za OHADA, zenye Kongo iliingia mwaka wa 2012, zinaruhusu kudai juu ya kitu chenye hakilingane na mapatano. Lakini zile sheria za kuuzisha hazimuhesabu mutu mwenye kununua kwa matumizi yake ya nyumbani. Yeye anabaki na dekreti ya 1888, yenye iliandikwa wakati hakuna motokari hata moja ilikuwa imefika inchi hii.

Pale njo kuna kazi ya Leta: kuandika kama mwenye kufanya biashara ya magari, hata ya okazio, anapashwa kutoa karatasi yenye kusema nini ni zima na nini imekufa, na kama kwa miezi fulani ya kwanza yeye njo atabeba muzigo wa ushuhuda. Haiombe feza nyingi. Inaomba ukurasa mumoja.

Mbele ule ukurasa uandikwe, mununuzi ajilinde mwenyewe. Washa ekrani mota ikiwa baridi, na tena kisha saa moja ya kutembea. Weka marshi ariere, angalia kama kamera inaonyesha. Ulizia kama kadi na kode viko. Kisha omba mwenye kuuzisha aandike kwenye faktire: «ekrani, kamera na ramani vinafanya kazi», tarehe na sinyatire. Akikataa kuandika yale yenye alisema kwa kinywa, amekwisha kukujibu. Punguza bei, ao enda kwa mwingine.