Msimfungie koko: majibu kwa yanayosemwa Goma juu ya wazee wanaosahau

Maneno ninayoyajibu hapa husikika kwenye foleni ya maji Ndosho, kwenye matanga, na nje ya kanisa ibada ikiisha. Wanaoyasema kwa kawaida si watu wabaya. Wengi wamechoka, na wengine wanarudia waliyoyasikia kwa wazazi wao. Lakini yakilundikana, yanamtoa koko, yaani babu au bibi yetu, sokoni, yanamtoa kanisani, na mwishowe yanamweka nyuma ya mlango wenye kufuli. Goma inaweza kuishi na watu wake wanaougua demensia mchana kweupe, kati ya majirani, na inaweza kuanza sasa. Kinachotuzuia kwanza ni maneno haya.

La kwanza ndilo jepesi masikioni kuliko yote: "Ni uzee tu."

Uzee unapunguza kasi. Mzee mwenye akili timamu atasahau alipoweka miwani, kisha atakumbuka. Mwenye demensia anabadilika kwa namna nyingine. Mama aliyeuza sambaza Kituku tangu ujana wake anashindwa kurudisha chenji ya noti ya franga 5,000. Anavaa kikwembe juu ya kikwembe na jua linawaka. Anatia chumvi kwenye sombe, anageuka, anatia tena, anageuka, anatia tena. Anauliza mume wake amechelewa wapi, na mume huyo alizikwa zamani. Huo ni ugonjwa wa ubongo. Alzheimer ndiyo aina inayoongoza, wagonjwa 60 hadi 70 katika kila 100. Nyingine hutokana na mishipa ya damu ya kichwani iliyoharibiwa na presha au kiharusi.

Ubaya wa kusema "ni uzee tu" ni kwamba kunafunga njia ya kituo cha afya. Mzee aliyechanganyikiwa ghafla, ndani ya siku mbili tatu, mara nyingi hana demensia kabisa: ana malaria, au maambukizi ya njia ya mkojo, au amekaukiwa maji mwilini. Kaswende ya zamani, VVU, upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo iliyolegea, huzuni kubwa, hata damu iliyovilia ndani ya fuvu baada ya kujikwaa kwenye mawe yetu ya volkeno, yote hayo yanaweza kufanana na usahaulifu wa uzeeni, na mengi kati yake yanatibika. Familia iliyokwisha kuamua kwamba ni uzee haitapima hata moja.

"Huo ni ugonjwa wa Wazungu, sisi hatuna." Mwaka 2008 na 2009 watafiti waliwapima watu wa miaka 65 na zaidi katika miji miwili ya majirani zetu. Bangui walikuta demensia kwa watu 8.1 katika kila 100, Brazzaville 6.7. Duniani wagonjwa ni zaidi ya milioni 55, na zaidi ya nusu yao wanaishi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Hoja hiyo imekwisha hapo.

Sasa tuje kwenye ulozi, na hapa sitapita haraka, kwa maana neno hili limeua watu.

Mashtaka huwa yaleyale: anaongea usiku na watu wasioonekana, anatembea gizani, watoto wanaumwa tangu ahamie hapa, na mwenyewe amekubali. Tuyachukue moja moja. Katika aina ya demensia iitwayo Lewy, mgonjwa huona watu au wanyama wadogo ambao wengine hawawaoni. Anawaona waziwazi, anawasalimu, anawakaribisha wakae, kumbe ni ubongo wake unaomchorea picha. Mgonjwa huyohuyo anaweza kupiga kelele na kurusha mateke usingizini. Kutembea jioni na usiku nako ni kawaida ya ugonjwa: jua likizama wagonjwa wengi huhangaika zaidi, wanataka kwenda nyumbani hali wako nyumbani. Watoto wa Goma wanaumwa kwa sababu ya mbu, na kwa sababu ya maji ya ziwa yanayonywewa bila kutibiwa. Wanaumwa katika nyumba yenye koko na katika nyumba isiyo na koko.

Na kule kukubali? Hili linaniuma kuliko yote. Mtu mwenye demensia akizungukwa na watu wanaomfokea, atajibu ndiyo ili kelele ziishe, au kwa sababu ameshasahau swali lilivyoanza. Muulize kama jana alikula nyama, atasema ndiyo. Muulize kama jana alifunga kutwa nzima, atasema ndiyo vilevile. Ubongo uliojeruhiwa huziba mapengo ya kumbukumbu kwa hadithi, na anayesimulia huiamini kwa moyo wote. Ungamo la namna hiyo lisipokelewe na pasta, lisipokelewe na baraza la ukoo, lisipokelewe na shefu wa kartye. Halina uzito wowote.

Mwaka 2021, hapa jirani Kivu Kusini, wanawake wazee waliuawa kwa tuhuma za ulozi, wengine kwa kuchomwa moto. Kilifi, kwenye pwani ya Kenya, wazee wameuawa kwa tuhuma hizo kwa miaka mingi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba ambalo warithi wanalitaka. Namibia, mwaka 2012, mwanamke wa Kihimba alikutwa amefungwa mnyororo aliokaa nao miaka na miaka kwa sababu watu wake waliamini amerogwa. Alikuwa na demensia. Itifaki ya Umoja wa Afrika kuhusu haki za wazee, iliyopitishwa mwaka 2016, inazitaka serikali ziwalinde wazee dhidi ya tuhuma za ulozi. Katiba yetu ya 2006, katika ibara ya 49, inampa mzee haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Anayemtuhumu mzee anayeumwa hana sheria upande wake.

Kwa wachungaji wa vyumba vya maombi nina ombi. Sisemi muache kuomba. Mgonjwa wa demensia mara nyingi hukumbuka nyimbo za utoto wake hata pale anaposahau majina ya wanawe, na kuimba na wenzake humtuliza. Ninachoomba ni msimfungishe chakula na maji mzee mwenye kisukari au presha, na msimkesheshe usiku kucha kwa kelele za kufukuza pepo. Akikaukiwa maji atachanganyikiwa zaidi, nanyi mtadhani pepo amekasirika.

"Hakuna dawa, kwa hiyo hakuna la kufanya." Ni kweli kwamba hakuna dawa ya kuuponya. Zipo zinazopunguza dalili kwa muda kwa baadhi ya watu. Lakini kamati ya wataalamu ya jarida la Lancet ilitaja mwaka 2024 mambo 14 ambayo, yangeshughulikiwa katika maisha yote ya mtu, karibu wagonjwa 45 katika kila 100 wangeweza kukingwa au kucheleweshewa ugonjwa. Mengi tunayajua: presha isiyotibiwa, kisukari, sigara, pombe nyingi, kuumia kichwa, kuacha shule mapema, hewa yenye moshi, upweke, macho yaliyofifia, masikio yasiyosikia. Hebu tusimame kwenye masikio. Mzee asiyesikia huachwa nje ya maongezi, naye huacha kuongea, kisha tunasema akili imeondoka. Pengine ni nta tu iliyojaa sikioni, na muuguzi anaweza kuisafisha asubuhi moja. Na hapa mjini kipo kituo cha Tulizo Letu cha mabruda wa Frères de la Charité, ambacho watu wengi bado wanakiita mahali pa wendawazimu na kuogopa kuonekana getini. Aibu hiyo inawanyima wagonjwa ushauri ulio mlangoni mwao.

Kuna dai moja linalosemwa kwa fahari: "Sisi Waafrika tunawatunza wazee wetu." Nani, sisi? Ingia ndani ya nyumba uangalie. Ni binti mmoja ambaye hakuolewa, au mke wa mtoto wa mwisho. Ameacha meza yake ya mboga sokoni Virunga. Anafua mashuka kila asubuhi kabla majirani hawajaamka ili wasione. Anaitwa mwizi na mama mkwe ambaye amesahau kwamba yeye mwenyewe alificha pesa ndani ya gunia la maharagi. Kaka walioko Kinshasa wanapiga simu Jumapili wakitaka kujua kwa nini mama amekonda. Huyo ndiye "sisi". Fahari yetu yote imebebwa na mgongo mmoja.

Msaada hauhitaji shirika la kigeni. Akina mama wa likelemba wanajua kupokezana fedha bila mtu kudhulumiwa; wanaweza kupokezana saa kwa utaratibu uleule, kila mmoja akikaa na mzee alasiri moja ili binti aende sokoni. Vikundi vya waumini katika parokia vinatembelea wagonjwa wa malaria na waliofiwa. Nyumba yenye mgonjwa wa demensia huisahau, kwa kuwa ugonjwa wake hauna siku ya kupona wala siku ya matanga.

"Afungiwe ndani, ni kwa usalama wake." Hofu hii naielewa. Pikipiki za Goma hazimsubiri mtu, ziwa liko karibu, na mtu akianguka juu ya mawe ya lava hainuki salama. Lakini mzee aliyefungiwa anadhoofika miguu na kupoteza maneno kwa kukosa wa kuongea naye, na chumba kikishika moto hakuna wa kumfungulia. Kabla ya kununua kufuli, tujiulize anakwenda wapi. Mara nyingi hatangitangi hovyo. Kumbukumbu za karibuni ndizo zinazofutika kwanza. Za zamani hubaki. Goma ya zamani ya watu wengi iko chini ya mawe: tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkeno Nyiragongo ilipita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaingia ziwani. Mzee anayetoka alfajiri kuelekea katikati ya mji anatafuta kiwanja chake, mparachichi wake, nyumba ya jirani yake, kama vilivyokuwa kabla ya siku hiyo. Ukijua hivyo, utajua pa kumtafuta. Tena utaweza kwenda naye, polepole, ukimshika mkono, asimulie, kisha mrudi kunywa chai.

Ndipo mtaa unapohitajika. Motari wa kwenye kituo cha karibu wanamjua kila mtu. Waambiwe kwamba koko huyu akiomba kupelekwa Office au Birere wampakie, wamzungushe kidogo, wamrudishe nyumbani, na familia italipa. Muuza duka aambiwe kwamba akija kununua sabuni mara ya tatu ampe kwa heshima na kuirudisha baadaye. Namba ya simu ishonwe kwenye pindo la kikwembe, kwa ndani, ambapo haimwaibishi. Watoto wa avenyu wafundishwe kumsalimia kwa kutaja jina lao wenyewe, "Shikamoo koko, ni mimi Furaha wa mama Neema," wasimjaribu kwa kumuuliza "unanikumbuka?" Japani walianza mwaka 2005 kuwafundisha raia wa kawaida, wauza maduka, makarani wa benki, wanafunzi, kwa dakika 90 hivi, namna ya kukaa na mtu mwenye demensia; waliofundishwa sasa ni zaidi ya milioni 10. Dakika 90 ni ibada moja ya Jumapili, tena ile fupi.

Limebaki dai gumu kuliko yote: "Sisi tuko vitani. Hayo ni mambo ya nchi zenye amani."

Siwezi kulijibu kwa wepesi. Tangu Januari 2025, waasi wa M23 walipouchukua mji, watu wameishi na hofu ambayo haihitaji maelezo yangu. Lakini angalia nani anaumia zaidi tunapohama. Mei 2021, volkeno ilipolipuka tena, watu takriban 400,000 waliamriwa waondoke kwenye kartye kumi, wakatawanyika Sake, Minova na Gisenyi. Februari 2025 kambi za Bulengo na Lushagala zikavunjwa ndani ya siku chache. Mtu mwenye demensia anategemea mazoea: mlango uleule, jiko lilelile, sauti zilezile. Mhamishe ghafla, na usiku huohuo atakuwa mgonjwa zaidi ya alivyokuwa asubuhi. Atauachia mkono kwenye msongamano. Akiulizwa na mwenye bunduki jina lake na anakotoka, atajibu jina la kijiji cha utotoni, au atanyamaza, na kunyamaza kwake kutafsiriwa kuwa kiburi. Vita ndiyo sababu ya kuanza mapema.

Mwaka 2021 Msalaba Mwekundu na UNICEF walifanya kazi kubwa ya kuwarudisha kwa wazazi watoto waliopotea katika kukimbia. Mtoto aliyepotea kila mtu anamtambua kuwa amepotea. Mzee aliyekaa peke yake kando ya barabara ya Sake tunamwona amepumzika. Wanaopokea wakimbizi wawaulize wazee maswali yaleyale wanayowauliza watoto, na watazame pindo la kikwembe.

Sipendi orodha ya wagonjwa iandikwe kwenye karatasi; katika mji wetu karatasi zinaangukia mikono isiyofaa. Ninachopendekeza ni kidogo zaidi. Kila nyumba yenye mzee wa namna hii ichague jirani mmoja, mwenye nguvu na asiye na watoto wadogo wa kubeba, ambaye siku ya kukimbia kazi yake ni huyo koko peke yake. Achaguliwe juma hili. Aanze kuja kunywa chai naye mara kwa mara, amletee hata ndizi moja, wazoeane sauti, ili siku hiyo ikifika koko asidhani ameshikwa na mtu asiyemjua, akapiga kelele na kukataa kwenda.