XL au Boxer, mwalimu mtarajiwa?

Field yangu niliifanya Berega, Kilosa. Siku moja mvua ilinyesha usiku kucha, bodaboda niliyopanda ikazama kwenye tope, na kipindi cha kwanza kikapita darasa halina mwalimu. Tangu hapo naitamani Honda XL: imeinuka, shokapu ndefu, tairi za meno. Tena ina taa na namba, hivyo unatoka nayo porini mpaka lami ya Morogoro–Dodoma bila kumkwepa trafiki.

Lakini tusidanganyane. Siti iko juu. Mfupi kama mimi hugusa chini kwa vidole tu. Lami ikilowa, tairi zile huteleza. Spea za Boxer ziko karibu, za XL utazifuata mjini.

Wenzangu, tusiuweke rehani mshahara wa kwanza ili tuonekane. Tope likiwa kati yako na darasa, nunua XL. Lisipokuwepo, Boxer inatosha.