Wazee wetu wasipimwe akili kwa kalamu



Sisi tunaoishi na wazee hapa Jinja na Mbale tunaijua hali hii. Mzee anaanza kusahau, anauliza jambo moja mara tatu, anapotea njia ya msikitini aliyoizoea tangu ujana. Majirani wanasema ni uzee, wengine wanasema ni jini. Tukimpeleka hospitali, hupewa mtihani mfupi wa akili. Hapo ndipo tuna neno la kusema.

Mtihani unaojulikana zaidi duniani ulitungwa Marekani mwaka 1975, nao una alama 30. Mgonjwa hutakiwa ataje tarehe na majira ya mwaka, aandike sentensi, achore umbo na ataje herufi za neno kinyumenyume. Bibi aliyekulia kwenye miteremko ya Mlima Elgon bila kushika kalamu ataandika nini? Elimu ya msingi bila ada ilianza Uganda mwaka 1997, naye alikuwa mtu mzima tayari. Na mzee anayehesabu miezi kwa mwandamo, akijibu "Rajabu", je, amekosea?

Kutafsiri peke yake hakutoshi. Wafaransa waliweka neno lao, MONDE, lenye herufi tano kama lile la Kiingereza. Sisi tungeweka DUNIA, nalo lina tano. Lakini asiyejua kusoma atazirudisha vipi herufi hizo?

Mfano mwema upo jirani. Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti walitengeneza mtihani uitwao IDEA kwa ajili ya wazee wasiosoma. Mzee huulizwa siku ya wiki na daraja ni kitu gani, hutaja wanyama kwa dakika moja, hukumbuka maneno kumi, na hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Kalamu haihitajiki.

Tunaziomba hospitali za rufaa za Jinja na Mbale zipate mtihani wa namna hiyo kwa Lusoga na Lumasaba, ujaribiwe kwanza kwa wazee wazima wa hapa hapa. Chuo Kikuu cha Kiislamu kipo Mbale tangu 1988, na wenye lugha hizo wapo.

Jambo hili si dogo. Mzee akipewa alama za chini bila haki, ataitwa punguani, na wapo watakaoanza kugawana shamba lake angali hai. Na akiachwa bila kupimwa, huenda kusahau kwake kunatokana na huzuni, tezi au upungufu wa vitamini, mambo yenye dawa.

Nasi familia tuna wajibu. Tumweleze daktari lugha ya mzee, kiasi alichosoma, na lini mabadiliko yalianza. Tubebe dawa zake na miwani yake. Na tusiwe wakalimani wa wazazi wetu wenyewe, maana huruma hutufanya tuwajibie.

Walitulea tukiwa hatujui kusema. Leo tuwape nafasi ya kujibu kwa lugha yao.

Wabillahi tawfiq.