Kasuku si Kichezeo

Wengi wetu tunamjua kasuku wa kwenye jalada la daftari tu. Ndugu yangu mdogo anamtaka wa kweli, yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu, ati amfundishe kupiga hodi. Mimi napinga, na sababu ninazo.

Kwanza, sheria. Tangu 2017 ni marufuku kuwauza kutoka nchi hadi nchi kasuku hawa waliokamatwa mwituni. Hapa Kenya, ukimfuga bila kibali cha KWS, umevunja sheria.

Pili, ndege huyu aweza kuishi miaka 40 na zaidi. Tukishamaliza shule na kwenda zetu, nani atamtunza? Si ni mama tu!

Tatu, kasuku hawezi upweke. Sisi wa shule za kutwa hutoka alfajiri tukarudi jioni. Akiachwa peke yake hivyo, huenda akajinyonyoa manyoya. Tena moshi wa jiko humdhuru, na avokado tuipendayo ni sumu kwake.

Kwa hivyo, asiye na kibali, tundu kubwa na mtu wa kushinda naye nyumbani, heri awasikilize ndege mtini. Kumpenda ndege si kumfungia.