Mashine Hufunguliwa Mbalamwezi

Askari anapostaafu na kupokea kiinua mgongo chake, aghalabu mawazo yake hugawanyika katika mambo matatu: nyumba, shamba na biashara. Kwa wale waishio kando ya Ziwa Tanganyika, biashara hiyo mara nyingi huwa ni chombo cha kuvulia ndagala, na moyo wa chombo ni injini ya kupachika. Mwenye chombo huifunika mashine yake mpya kwa turubai, huipangusa kila asubuhi kama bunduki ya gwaride, wala haimpitikii kwamba siku moja itambidi aifungue yote, abadili pistoni, achonge silinda na kuilipia upya fungu kubwa la bei aliyoinunulia. Siku hiyo haina budi kufika. Lililo mikononi mwake ni kuichagua tarehe.

Sajini mmoja mstaafu wa Rumonge, kusini mwa Bujumbura, alikuwa na mashine ya nguvu za farasi 40, ya silinda mbili, ile inayochanganyiwa petroli na oili. Vijana wawili waliokuwa wakiiendesha, mmoja wao mwanawe wa kuzaa, hawakulalamika lolote. Mashine iliwaka, chombo kilikwenda, ndagala walipatikana. Aliyegundua ugonjwa ni mkewe, ambaye hakuwa ameigusa plagi hata siku moja. Mama huyo aliandika katika daftari la shule kila debe la samaki lililouzwa na kila lita ya petroli iliyonunuliwa. Miezi sita nyuma safari ya kwenda na kurudi ilikuwa ikila lita 20 kwa usiku. Sasa ilikula 26, na mahali pa kuvulia palikuwa pale pale.

"Afande," alimwambia mumewe, kwa jina alilozoea kumwita tangu walipokuwa kambini, "ama vijana wanauza petroli, ama mashine inaumwa."

Vijana hawakuuza kitu. Fundi wa ufukweni alitoa plagi, akaingiza geji ya kupimia mgandamizo, akavuta kamba. Silinda ya juu ilisoma 110, ya chini ikasoma 80. Silinda mbili za mashine moja hutakiwa zikaribiane. Zikipishana kwa zaidi ya sehemu moja katika kumi, fundi huanza kushuku ringi au ukuta wa silinda. Hapa zilipishana kwa zaidi ya robo. Kazi hiyo haikuchukua hata nusu saa, na ni ajabu kwamba watu wengi huifanya baada ya mashine kufa, wakati ambapo jibu lake linajulikana na kila mtu.

Sajini, kwa desturi ya jeshi, alitaka jambo litendeke siku ile ile. Fundi naye alikuwa na nafasi. Lakini mwezi ulikuwa umeandama siku mbili tu zilizopita, na mkewe akamwomba angoje.

Wavuvi wa ndagala huvua kwa taa. Samaki huufuata mwanga usiku wa giza. Mwezi ukipevuka, nuru hutawanyika juu ya maji yote na taa hupoteza nguvu yake. Kwa hiyo katika mwezi mmoja wa siku 29 na nusu, chombo hufanya kazi usiku kama 20, na kwa siku zinazobaki hukaa ufukweni. Mashine inayofunguliwa mbalamwezi hugharimu spea na ufundi. Ile ile ikifunguliwa katikati ya giza hugharimu spea, ufundi, na mapato ya kila usiku inaolala bandani, ilhali mabaharia wanataka kula na karo ya watoto haijui kalenda ya mwezi. Bei hii ya pili haiandikwi na fundi yeyote katika karatasi yake, na mara nyingi ndiyo kubwa kuliko zote.

Walakini kungoja nako kuna gharama. Lita 6 za ziada kila usiku, kwa usiku 20, ni lita 120 kwa giza moja. Mwenye kuahirisha kwa magiza matatu huwa amechoma lita 360 zisizomletea hata ndagala mmoja, na ukuta wa silinda huwa umezidi kulika. Mama alipiga hesabu hiyo, wakaafikiana: watamaliza giza hili kwa mwendo wa pole, na mbalamwezi ikiingia, mashine ifunguliwe.

Fundi alitahadharisha jambo moja. Siku za mbalamwezi kila mtu huleta mashine yake, na anayekuja bila miadi hukuta foleni. Sajini alilipa arbuni papo hapo. Akataka pia anunue pistoni mapema, lakini fundi akakataa katakata. Gasketi, sili na raba ya pampu ya maji vinaweza kununuliwa kabla, kwa kuwa hubadilishwa kwa hali yoyote. Pistoni haijulikani mpaka silinda ipimwe, kwani huenda saizi ya kwanza, iliyozidi ile ya asili kwa milimita 0.25, isitoshe kuondoa mikwaruzo, ikalazimu ile ya 0.50. Tena silinda haichongwi mpaka pistoni yenyewe iwe mezani, maana mchongaji huifuata pistoni aliyoipima kwa mkono wake.

Bandani kwa fundi kulikuwa na mashine nyingine iliyozama dhoruba ilipopiga. Mwenyewe aliiopoa, akaiacha juani siku tatu akidhani inakauka. Beringi zote zilikuwa nyekundu kwa kutu. Mashine iliyotoka majini hufunguliwa plagi, humwagwa maji, hutiwa oili na kuwashwa ndani ya saa chache. Isipowezekana, ni heri kuirudisha katika pipa la maji baridi yasiyo na chumvi mpaka fundi apatikane, kwa sababu kinachoila ni hewa inayokutana na chuma kibichi. Ziwa hili lina ushahidi wake. Wajerumani walipoizamisha meli yao ya Graf von Götzen karibu na mdomo wa mto Malagarasi mwezi wa Julai 1916, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito kwanza. Iliibuliwa mwaka 1924, mitambo ikaonekana bado yafaa, na mwaka 1927 meli ikaanza tena kazi kwa jina la Liemba.

Mbalamwezi ilipoingia, mashine ya sajini ilifunguliwa asubuhi, na jioni kasha la silinda likasafirishwa kwa basi hadi Bujumbura. Mikwaruzo ilikuwa ya kina. Ikahitajika saizi ya pili. Hayo yalikuwa yametarajiwa. Ambalo halikutarajiwa ni kwamba fundi alipoitikisa konrodi ya chini, ilicheza. Beringi ya krenkishafti ilikuwa imechoka. Krenkishafti ya mashine za namna hii hushindiliwa kwa mtambo maalumu. Haifunguliwi kwa spana wala nyundo, na gharama yake ilikaribia kulingana na yote yaliyokwisha tumika.

Fedha zilizosalia nyumbani zilikuwa za wavu mpya. Sajini alipendekeza mashine ifungwe hivyo hivyo, ivue giza moja, kisha irudi. Wako mafundi ambao wangekubali. Huyu alisema ataifunga akiamriwa, ila hataandika jina lake.

Mama alikaa kimya, kisha akauliza: "Beringi hiyo ikivunjika, itavunjikia wapi?"

Hakuna aliyemjibu. Ulikuwa mwezi wa Juni, majira ya kusi, upepo wa kusini-mashariki unaoinua mawimbi marefu katika ziwa lile kuanzia Mei hadi Septemba. Chombo kikizimikiwa na mashine humo hugeuka ubavu kwa mawimbi, na mwanawe alikuwa ndani yake kila usiku.

"Wavu wa zamani nitaushona mimi," akasema. "Lete krenki."

Kazi haikuisha ndani ya mbalamwezi. Giza lilipoanza, vyombo vingine vikatoka na taa zao, na cha sajini kikalala ufukweni usiku wa kwanza, wa pili na wa tatu. Mama aliandika sifuri tatu katika daftari. Siku ya nne mashine iliwashwa ndani ya pipa, maji yakatoka vizuri kwenye tundu lake, fundi akasikiliza kwa muda mrefu bila kusema neno.

Kisha akatoa masharti. Kwa saa 10 za kwanza mchanganyiko uwe lita 1 ya oili kwa lita 25 za petroli, badala ya 50 za kawaida; mashine isivutwe hadi mwisho, wala isiendeshwe kwa mwendo mmoja muda mrefu, mpaka ringi zizoeane na ukuta mpya. Masharti hayo ndiyo yanayovunjwa kuliko yote, kwa kuwa mwenye mashine ametoka kulipa na anataka kurudisha fedha zake usiku ule ule. Upande wa Tanzania, ambako mwaka 2024 uvuvi katika ziwa hili ulifungwa tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, kipindi kama hicho humpa fundi nafasi ya kutosha, mradi mwenye mashine awe ameweka akiba kabla kipato hakijakatika.

Usiku ule chombo cha sajini kiliondoka mwisho na kurudi mwisho. Kijana wake alitaniwa na wenzake kwamba baba yake amenunua mashine ya cherehani. Alivumilia. Usiku wa kumi na mbili, saa zile zikiwa zimekwisha timia, alifungua mashine kwa mara ya kwanza.

Asubuhi yake mama alipima petroli iliyobaki katika jerikani kwa kikombe cha lita moja, akafungua daftari, akaandika 20 na nusu. Kisha akarudi kwenye wavu wake, ambao ulikuwa bado na tundu kubwa upande wa kushoto.